Ramani Isiyo na Hagen

Gesche, shoga yangu, sikia haya! Bosi wangu Tönnies ameiba ramani yangu ya miji ya eneo la Rhein-Ruhr, huku Ujerumani, kazi ya miaka miwili, akaionyesha mbele ya mameya wote hapa Essen. “Nimeichora mwenyewe,” akasema. Mwenyewe!

Kumbe kaiba nakala ya zamani, ambayo haijakamilika.

Mama mmoja akasimama: “Mimi ni meya wa Hagen. Mji wangu uko wapi?”

Tönnies akatafuta kwa kidole, jasho linamtoka. Hagen haipo! Akanigeukia: “Frauke, mwanangu, hebu mweleze.”

Mwanangu! Na jana kaniita mzembe.

Nikamjibu mbele ya wote: “Mchoraji ni wewe, bosi. Mweleze.”

Ukumbi mzima ukacheka. Shoga, ramani kamili ilikuwa mkobani mwangu. Nikaukumbatia mkoba, nikatulia.