Kunde za Mama

Mbagala, 9 Februari 2025

Kaka Albano,

Shikamoo. Sisi wazima, na yule kuku mweupe ameanza kuatamia.

Kunde za mama nilizipanda zote uani, maana kwetu mbegu za marehemu hazivuki msimu bila kupandwa na binti yake. Unakumbuka mchana ule tulipolia kwamba shamba limekufa? Mama alicheka: "Majani yamejikunja tu, yanalikwepa jua. Jioni yatafunguka." Hata hapa yalikuwa yakifunguka, nami nilikuwa nikitoka kila jioni kuyatazama.

Lakini mvua imekatika, na kisima chetu kimeingia chumvi. Sikuwa na maji mengine, nikamwagilia hayo hayo. Juzi jirani yangu, Mama Tupokigwe, alichungulia akaniuliza, "Shoga, hizo kunde au ugoro?" Nikacheka naye, ila kingo za majani zilikuwa zimeungua kweli.

Kaka, jana jioni hayakufunguka. Limebaki shina moja lenye ua, nalo nalimwagilia maji yangu ya kunywa, yale machache ya kununua. Naliogopea kama mtoto mwenye homa. Naogopa hata kutoka uani, nisije nikarudi nikakuta limelala. Likifa, mbegu ya mama imekwisha.

Nakuomba ukitazame kile kibuyu chake juu ya jiko, alichohifadhia mbegu kwenye majivu. Yapekue taratibu, huenda imebaki japo punje moja.

Nami unikumbuke jioni, saa ya majani kufunguka.

Mdogo wako,
Yuliana