Mkono ya Kushoto Ndani ya Pampu

Dada Hawa wa Awindiri,

Salamu nyingi kutoka huku Nile. Mimi iko mzima. Jua iko kali, samaki iko mingi.

Kazi yangu huku ni kusafisha pikipiki ya maji ya wageni. Jana moja ilizima katikati ya mto. Pampu yake inavuta maji kwa chini, sasa ilivuta magugu pamoja na nailoni ya wavuvi. Tukaikokota mpaka mchanga, tukailaza upande. Ufunguo nikavaa shingoni, mutu asiwashe. Nikaingiza mkono ya kushoto.

Bosi akapiga kelele: "Mzee, tumia kulia! Wageni wanangoja!"

"Kulia iko ya kula," nikamwambia. "Ikikatika, nani atanilisha? Mke yangu iko kaburini."

Akaenda kutuliza wageni.

Magugu yote ilitoka, pikipiki ikakimbia tena. Lakini nailoni ilinikata kiganja, wamefunga bandeji kubwa. Sasa dada, kula iko sawa kabisa. Taabu iko chooni. Usicheke.

Salimia watoto, nawakumbuka sana. Uniombee mkono ipone, lakini watu ya msikiti usiwaambie ni mkono gani.

Kaka yako,
Juma