Chuma Kiliponyamaza

Kibandani, juu mlimani
3 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Kwanza ujue barua hii imetoka kwa nani. Mlima huu umesimama kwa ajili yangu. Nikishuka bondeni siku mbili tu, mawe yanaanza kuporomoka, wageni wanapotea, na hata ukungu wenyewe haujui pa kwenda. Watu wa chama cha wapanda mlima waliniajiri nilinde kibanda chao, lakini siku hizi wanakiri wenyewe: kibanda ndicho kinacholindwa na jina langu.

Baada ya hayo, hujambo? Kifua kinasemaje? Mimi mzima, mafua tu, ila mafua ya huku juu angeyapata mtu mwingine tungekuwa tumeshamzika. Mwenye punda aliponiletea unga Alhamisi aliniambia umetoka hospitali, na daktari amekuagiza utembee. Kwa furaha nilimpa punda chai yangu mwenyewe.

Sasa njoo huku, uvute hewa ambayo haijapitia pua ya mtu mwingine. Daktari kasema tembea, hakusema zunguka kitanda. Na ukungu ukishuka usiogope. Mlangoni pametundikwa rimu ya lori, nami naigonga kwa nyundo. Ndiyo desturi ya kibanda tangu kijengwe: chuma kikilia, fuata sauti, kikinyamaza, kaa pale pale ulipo mpaka kilie tena. Nikikigonga mimi kinasikika hadi mji wa pili, watu wanaacha kazi wakidhani ni saa ya chakula.

Msalimie dada yangu. Mwambie asikuzuie.

Mjomba wako, mwenye mlima


Mjini
12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika, inanuka punda lakini inasomeka. Natumaini mafua yameshindwa. Mimi naendelea vizuri, kifua kimefunguka, ila ngazi za pale kiwandani bado zinanipiga mweleka.

Mama anakusalimu na anasema hivi: “Maneno ya mdogo wangu yakate katikati, kipande kinachobaki kikate tena, ndipo uyatumie.” Usicheke, ana hofu ya kweli. Daktari alituambia nikilala nje kwenye baridi hata usiku mmoja, ugonjwa utarudi, na safari ya pili huenda nisitoke wodini kwa miguu yangu. Lakini Mjomba, nimechoka kuwa mgonjwa aliyepona. Nataka kuwa mzima. Nikibaki chumbani nasikiliza pumzi zangu tu, kama mtu anayesubiri mwizi.

Nitakuja na mwenzangu wa cherehani ya jirani, tunashona naye sare za shule. Tunamwita Mama Haraka, maana huyo anaweza kushona mkono wa shati kabla mwili haujakatwa. Kwa hiyo nijibu kinaganaga: njia ipi, maji yapo wapi, tuvae nini. Na nakuomba, bila chui.

Mpwa wako


Kibandani
19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka karibu na mbingu. Mafua yamekimbia, yalipoona kifua changu yakaona aibu.

Bila chui? Haya, barua itakuwa fupi.

Njia ni mbili. Njia ya Mgongo inapita juu kwenye ukingo, ni ya mkato. Mimi huipita na gunia kichwani na usingizi machoni, lakini wewe usiiguse. Shika Njia ya Bonde. Unafuata kijito, kelele zake ziwe sikio la kushoto. Utavuka daraja la magogo, shika waya. Hapo chini yake maji ni safi, jaza chupa. Kisha unapanda polepole mpaka jiwe lililopasuka, nililipasua mimi kwa kikohozi. (Haya, lilipasuka lenyewe.) Hapo kulia, fuata alama za rangi nyekundu. Usiende kushoto hata ukiitwa kwa jina, kushoto kuna korongo.

Huku kuna vitanda vya ghorofa, mablanketi, na jiko la chuma ambalo halizimiki. Leteni soksi mbili mbili na makoti. Viatu vitakauka juu ya jiko usiku kucha. Mwambie Mama Haraka huku juu mwenye haraka ni mmoja tu, na ni upepo.

Mwambie dada yangu hutalala nje. Nimeshika nyundo mwenyewe.

Mjomba wako


Mjini
16 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tulirudi salama. Mama alinisubiri kwenye ngazi. Hakunisalimu, alinigeuza kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akaweka sikio mgongoni akasema, “Vuta pumzi.” Nikavuta. Akasema, “Pakavu.” Ndipo akalia.

Sina kikohozi, Mjomba. Kifua hiki hiki kimepanda mlima. Jana nimepanda ngazi za kiwandani huku nasimulia, nikafika juu na hadithi ikiendelea. Asante kwa kitanda cha karibu na jiko, asante kwa uji, na hata kwa nyimbo zako.

Lakini kuna jambo. Unakumbuka nilikuambia ukungu ulitukuta tukiwa tumeshapita jiwe. Chuma kilikuwa kinalia vizuri, tunakifuata hatua kwa hatua. Mara kimya. Alama nyekundu hatuzioni, miguu yetu wenyewe hatuioni.

Mama Haraka akasema, “Twende bwana, njia si hii hapa?”

“Kikinyamaza tunakaa. Ndiyo desturi.”

“Desturi haisikii baridi, shoga! Ukikaa hapa hicho kifua chako tutakishusha kwenye machela.”

Akaanza kwenda. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao: “KAA CHINI!” Akakaa papo hapo, na mimi nikakaa. Tulikumbatiana mpaka nguo zikaloa. Nilijua giza likitukuta pale basi, yale ya daktari yametimia. Nilimuwaza mama. Kisha chuma kikalia, na kikalia, tukafika kwako tunatetemeka tunacheka.

Asubuhi tukishuka tulipaona tulipokaa. Hatua chache mbele, korongo. Mama Haraka hakusema neno mpaka darajani. Wewe umeshamsikia, unajua huo ni muujiza.

Sasa nikuulize. Chuma kilinyamaza kwa nini? Mezani ulisema mpini wa nyundo ulivunjika. Kwa Mama Haraka ulisema chui. Asubuhi ikawa upepo. Mama anasema na mlima hana ugomvi, ugomvi wake ni na aliyeshika nyundo. Wenzangu wanne niliolazwa nao wodi moja wanataka kuja Septemba, nao vifua vyao ni kama changu. Siwaleti mpaka nijue. Sikuulizi kwa hasira. Nakuuliza swali moja, nataka jibu moja.

Mpwa wako


Kibandani
24 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo, na dada yangu hajambo? Hilo neno “pakavu” nimelisoma kwa sauti mpaka mwenye punda akauliza tumepata habari gani ya mvua. Nimefurahi, sina zaidi.

Kuhusu chuma, kaa vizuri nikupe yote. Hakuwa chui mmoja, walikuwa watatu, na yule mkubwa alikuwa na mvi. Alinishika mkono wa nyundo, nikamshika sikio. Tulizungushana kibanda chote mpaka akaomba radhi. Wale wawili walikimbilia Njia ya Mgongo, na nasikia hawajarudi hadi leo.

Waje hao wenzako wanne. Nimeshawatandikia.

Mjomba wako, mshika masikio ya chui


Kibandani
21 Agosti

Mpwa wangu,

Hujambo mwanangu. Sijui kama hujambo, ndiyo maana nauliza.

Mwenye punda amekuja Alhamisi moja, ya pili, ya tatu, mikono mitupu. Nikamuuliza kama barua yangu imeliwa na punda. Akasema, “Mzee, punda wangu hali uongo.” Kumbe barua ya chui uliwasomea watu mpaka huko sokoni.

Chuma kikinyamaza mtu anakaa. Nimekaa, na nimejua kumbe kukaa kwenye kimya cha mtu ni kazi.

Basi hakukuwa na chui. Upepo haukuwepo. Nyundo nzima, inaning'inia pale. Nilikula maharage ya jana. Nikiwa nagonga, tumbo likaniita mara moja, nikalikatalia, likaniita kwa jina kamili. Nikaweka nyundo chini nikakimbia chooni, nyuma ya kibanda.

Nilipotoka ukungu ulikuwa umefunga, siuoni hata mkono uliokuwa unafunga mkanda. Nikasema, mimi huyu, mlima wangu huu. Nikaenda moja kwa moja, nikapotea. Kati ya choo na mlango, mpwa wangu. Niligusa ukuta wa kibanda nikadhani ni mwamba, nikaukimbia. Nikaanza kuita “Jamani!”, lakini kwa sauti ndogo, nisije nikasikika. Na wakati wote huo najua mko njiani, na nyundo haipo mkononi. Baridi niliyoisikia haikuwa ya hewa.

Ndipo ikatoka sauti ndani ya ukungu: KAA CHINI!

Nilikaa. Nilikaa kwenye majani mabichi, mikono kichwani, nikajua ni malaika na amekasirika. Nimekaa nikatafakari: huyu malaika mbona ana sauti ya dada yangu? Akili ikanirudia. Ni wewe, na wewe uko njiani, na mlango wa kibanda unatazama njia. Nikatambaa kuelekea ulikotoka ule ukelele mpaka nikakigonga chuma. Mlio wa kwanza mliousikia, mpwa wangu, haukuwa wa nyundo. Lilikuwa paji langu la uso.

Mwambie mama yako hivyo hivyo, asikate hata kipande. Mwambie mtoto wake aliyesemwa hana kifua ndiye aliyeniita nikarudi mlangoni. Na siku za wageni, maharage sipiki.

Wenzako waje. Nimefunga kamba kutoka kitasa cha mlango mpaka chooni. Wageni nawaambia nimeifunga kwa ajili yao. Lakini wewe nakuambia ukweli: hata siku ya jua kali, naishika.

Mjomba wako