Shikamoo Iliyofika kwa Wakati

Dada Rehema, shikamoo.

Niko Nduguti, kikazi zahanatini. Upepo unatia vumbi hadi kwenye chai, ila mimi ni mzima, na leo nimeona ushindi.

Zahanati ya hapa huzungumza na daktari aliyeko Singida mjini kwa kompyuta. Jana Bibi Tatu, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, aliinuka akaondoka bila kutibiwa. "Kijana gani huyu ananikodolea macho, hata shikamoo hana?" Kumbe daktari alikuwa ameitoa shikamoo. Nilipima kwa saa yangu: sauti ilichelewa sekunde sita nyuma ya picha, imekwama nyuma ya ripoti za ofisi zinazotumwa kwa mtandao huohuo.

Zuhura, fundi wa mtandao, akapanga foleni upya. Mawasiliano hapa yana njia mbili: minara ya simu, ambayo ni ya haraka, na setilaiti, ambayo huchelewa. Mazungumzo ya daktari akayapitisha kwenye minara, yatangulie kila kitu. Ripoti zote akazihamishia setilaiti.

"Na ripoti yangu?" karani wa zahanati akalalamika.

"Ripoti yako haina kidonda, kaka. Itasubiri."

Leo asubuhi muuguzi alimbembeleza bibi mpaka akarudi. Daktari alipofungua tu mdomo, "Shikamoo, bibi" ikafika papo hapo.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umelelewa!"

Akavuta kiti karibu na kompyuta, akafungua bandeji mwenyewe, akaunyanyua mguu ili daktari auone vizuri. Tulipiga makofi chumba kizima, karani naye.

Mungu akutunze, dada. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Asha