Zamu ya Kabeya

Mado, mutoto wa dada yangu,

Huku Likasi mama yako ni muzima, sombe yake, yale majani ya muhogo, inauzika vizuri sokoni Kikula. Unaniuliza kama ukubali zamu mbili mfululizo pale hospitali. Minye nilikubali, minye niliyekaa siku tatu bila kusinzia. Uliza kiwanda yote ya Shituru! Rafiki yangu Kabeya, mwenye kunipokea zamu kiwandani, alikuwa anafukuzwa huku kwetu pamoja na Wakasai wenzake, warudishwe kwao Kasai na treni.

"Ulale kwanza, ndipo uje kuniaga gare, kwenye treni," akaniambia.

"Kulala ni kazi ya wagonjwa!"

Nikafanya zamu yangu na yake siku zile tatu, nikaenda gare, nikaketi kumungojea. Nilipoamka, treni ilikuwa imeshaondoka, na koti ya Kabeya ilikuwa imenifunika.

Iko hapa ukutani mpaka leo. Weye ulale, mama.

Mjomba wako