Machozi Yaliyokwenda Tumboni

Kitahana, Kibondo
9 Mei, 1976

Kwa dada yangu Maximilla,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kichanga ananyonya vizuri na wewe umepata nguvu, na kwamba mvua ya Titye haikuozesha maharage kama ilivyofanya huku. Sisi tu wazima, kama uzima ni kula, kulima na kulala. Mama goti bado linamsumbua lakini hakubali kuketi. Mdogo wetu Pelagia ameingia darasa la tano, na hakuna jirani ambaye hajaambiwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shuleni. Haya ninayotaka kusema, kwa lugha ya nyumbani sijui pa kuyaanzia.

Mama amekubali kuondoa msiba wa baba. Tangu tuvuke mpaka alikuwa akikataa, akisema hawezi kumaliza matanga ya mtu ambaye hajauona mwili wake. Unakumbuka alivyokuwa akimbakizia chakula kila jioni. Sasa Mzee Havyarimana, jirani yetu wa kule ng'ambo tuliyekimbia naye, alimwambia kwamba nyumba ambayo haijafanya kuganduka, haijauondoa msiba wake, imesimama njiani, na mimi nitazeeka bila ruhusa ya kuanza maisha. Kesho yake mama akaenda kufukia ndizi za pombe.

Tulijua hutaweza kuja na kichanga. Kwa kuwa baba hakuacha ndugu upande huu, mzee alisema atakayekunywa kwanza ni mimi, atakayemsemea marehemu ni mimi, na jembe la kufungua kazi nitalishika mimi. Siku ya sherehe aliwaambia watu kwamba tangu siku ile ya kuvuka hajaona chozi langu hata moja. Alisema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni, na mtoto huyu ameyapeleka yote huko. Watu wakaitikia kwa furaha. Mimi nilitaka kumwambia kwamba huko tumboni nimeshachungulia, na hamna kitu.

Nilisema vizuri, dada, ungejivuna. Nilimtaja baba, nikataja ng'ombe wake wa mabaka, na jinsi alivyokuwa akipiga chafya hadi kuku wanakimbia. Watu walicheka, kisha wakalia. Mama alilia mpaka wakamshika. Mimi nilikuwa nikimtazama inzi mdomoni mwa mtungi. Nikapiga jembe chini, wakapiga vigelegele, na mzee akasema leo nyumba hii imepata mwanaume.

Sasa kila mtu ameondoka msibani isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Mama anaimba akipepeta. Mimi chakula nakitafuna tu. Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua nimeungua kwa harufu. Pelagia alipiga yowe kwa niaba yangu. Mama aliusifu uvumilivu wangu, akapaka asali.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya pili baada ya sherehe nilikwenda mtoni kuosha mitungi. Nilipomaliza niliingia majini na nguo zangu. Sikuwa na hasira wala huzuni, na sikuwa nimepanga lolote. Niliendelea kwenda tu, kwa sababu sikuona sababu ya kugeuka. Maji yalikuwa yamefika kifuani Pelagia aliponiita kutoka juu, akiuliza nimeweka wapi kamba ya mbuzi. Mtu akiulizwa hujibu, basi nikageuka nikamjibu. Alishuka, akaniona nilivyolowa, akanishika mkono mpaka nyumbani bila kuuliza tena. Tangu siku hiyo haniachi niende mtoni peke yangu. Ana miaka kumi na mmoja. Si haki abebe hilo.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Naogopa, ingawa hata huo uoga nausikia kwa mbali. Nakuomba umtume shemeji aje anichukue mapema iwezekanavyo. Amwambie mama mnahitaji mtu wa kuvuna, maana kazi ataielewa. Nikifika, unipeleke kwa daktari hospitali ya Kasulu, na wewe ndiye umweleze, mimi nitakuwa nimekaa karibu. Usinisifu. Ukiona nimenyamaza, usiseme nimekomaa. Niulize kitu, hata iwe kamba ya mbuzi.

Pelagia anakusalimu, anataka kujua kichanga ana nywele au hana. Mzee Havyarimana anakusalimu. Mama anakusalimu sana, ameketi hapa pembeni yangu anapepeta, na ameniambia niandike kwamba mimi ni mzima kabisa na nyumba sasa ina mwanaume. Hayo ndiyo aliyonituma. Hayo ya juu ni yangu.

Mdogo wako anayekungoja,
Ndayiragije