Baba, Kichwa cha Treni Kimefika

Baba,

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na kila nilipoogopa nilikuwa nakupigia wewe simu. Ulikuwa unakohoa kwanza, halafu unasema, "Eleza polepole, Upendo, sijaenda popote." Basi naeleza polepole.

Kichwa cha treni ulichokiagiza kimefika.

Nianzie pale ulipotuachia. Tulikuzika hapa Makambako kama ulivyotaka, siku ya ukungu na baridi kali, hata mchungaji alikuwa anapuliza vidole kabla ya kufungua kitabu. Mwanao Zakaria alikuja kutoka Norwe, akakaa kidogo, akarudi kazini kwake. Mimi nikarudi Njombe kwenye ghala la parachichi. Mama alibaki nyumbani na Mama Eliza, jirani yetu, ambaye alikubali kulala naye. Nilidhani tumepanga vizuri.

Unajua Mama alishaanza kusahau ukiwa hai. Wewe ulikuwa unamsitiri. Akiuliza swali lilelile ulikuwa unamjibu kama ndiyo kwanza ameuliza, na mimi hukunitazama usoni. Sikujua hiyo ni kazi nzito kiasi gani mpaka iliponiangukia.

Nilipokuja kumtembelea mara ya kwanza baada ya msiba, alinimiminia chai, akakaa, akauliza, "Baba yenu yuko wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nikamwambia, "Mama, Baba amefariki. Tumeshamzika." Alipiga yowe ambalo Mama Eliza alilisikia akiwa kisimani. Alilia kama siku ya msiba, akaanguka vilevile, akashika kifua vilevile. Jioni akasahau. Asubuhi akauliza tena, na mimi nikamwambia tena, na yowe likarudi. Baba, nilikuwa namuua mara kwa mara kwa mdomo wangu.

Siku nyingine alipouliza sikujibu. Niliinama nikaendelea kuchambua maharage. Akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka, "Ah, najua. Ameenda kukipokea kichwa chake. Atarudi nacho."

Sikumkatalia. Akatabasamu, akaenda kukung'uta shuka lako.

Unaona ilikotoka. Ulimwimbia habari za kile kichwa miaka yote hiyo. Alikuwa anajua kama sisi sote tunavyojua, kwamba ujana wako ulikuwa Tabora, ukitunza moto kwenye treni za mvuke, na kwamba hizi za dizeli ulizoziendesha hapa mpaka ukastaafu ulizifanyia kazi lakini hukuzipenda. Zakaria alipokuletea zile reli ndogo na mabehewa mawili, ulizipigilia kwenye ubao, ukawa unasukuma mabehewa kwa kidole kwa sababu hakukuwa na kichwa. Halafu ukaona kwenye simu kwamba kiwanda kimoja cha Ulaya kitatengeneza kichwa kidogo cha mfano, cha aina ileile uliyoifanyia kazi. Hukutaka kile cha kuunganisha mwenyewe, mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ulitaka hiki kinachokuja kimekamilika, unakitoa kwenye boksi, unakiweka relini, kinatembea. Wakasema mwezi wa nane. Wakasogeza. Wakasema mwakani. Wakasogeza tena. Na kila jioni ukivua viatu ulikuwa unamwambia, "Mama Upendo, kinakuja. Safari hii kweli kinakuja."

Maneno mengine yote yamemtoka kichwani. Hayo yamebaki.

Akaanza kwenda stesheni. Mara ya kwanza tulimkuta amekaa kwenye benchi, amevaa kitenge cha kanisani, ametulia. Nilicheka kidogo, Baba, nisamehe. Mara ya pili Mama Eliza alinipigia nikiwa kazini, akawa hawezi kusema, anahema tu. Mama alitoka wakati yeye ameenda kuchota maji. Mlinzi wa stesheni alimkuta mbele kule, amesimama katikati ya reli, koti lako mkononi, anatazama upande inakotokea treni. Treni ya mizigo ilikuwa imeshapiga honi. Yule mlinzi alimshika mkono akamvuta, na Mama akamkasirikia. Alimwambia, "Niache, dereva ni mume wangu. Akiniona atasimama."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikifumba macho naisikia ile honi, na hata sikuwepo.

Sasa fikiria nilivyokuwa pale simu yako, ambayo sijaizima, ilipolia kwa ujumbe kwamba mzigo umeshatumwa. Nilimpigia Zakaria. Akasema, "Kikifika kifiche Njombe. Asikione kabisa. Akikiona kichwa na Baba hayupo, utafanya nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi kifiche." Aliye mbali huona mambo ni mepesi, lakini safari hii niliona anasema kweli. Niliona mambo mawili tu yanayoweza kutokea. Ama moyo wake utapasuka palepale, ama atarudi relini kukungoja, na mlinzi hatakuwepo.

Nikawa naomba kipotee. Kitu ulichokingoja hivyo, mimi nikawa naomba kipotee baharini.

Hakikupotea. Kilifika Dar es Salaam, na kutoka hapo kikapakiwa kwenye basi. Treni yako, Baba, ilikuja kwa basi. Karani wa mizigo alipiga kwenye simu yako, nikapokea, akasema mwambie mzee aje achukue. Nilishuka Makambako asubuhi, nikalipokea boksi, nikalifunika kwa khanga. Mpango wangu ulikuwa kupita nyumbani nimsalimie Mama, nipande gari la kurudi Njombe nalo. Nililiweka jikoni nyuma ya debe la unga. Mama alikuwa uani anaota jua. Nilimwamkia, nikakaa naye, kisha nikatoka kwenda kumsaidia Mama Eliza kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Niliporudi hakuwa uani.

Nilikimbilia getini kwanza. Barabara ilikuwa tupu. Niliita. Ndipo nikasikia karatasi ikichanwa ndani.

Alikuwa sebuleni, boksi limefunguliwa, kichwa cha treni kiko mapajani mwake juu ya kitenge. Cheusi, Baba. Kina ukanda mwekundu na magurudumu mengi kama ulivyosema, na vile vyuma vyembamba vinavyounganisha magurudumu. Alikuwa anakipapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Aliniona, akasema, "Lete ubao."

Nilitaka kumwambia kimeharibika, nilitaka kumwambia umeme haupo. Lakini taa ilikuwa inawaka juu yetu. Nikatoa ubao chini ya kitanda chenu, nikaulaza mezani. Nilikuwa sijui ulikoweka kile kiboksi cha umeme kilichokuja na reli. Yeye ambaye hakumbuki kama amekula alinyoosha kidole, "Kwenye kabati, chini ya nyimbo za kwaya." Kilikuwepo hapohapo.

Nikakiweka kichwa relini. Hakikukaa vizuri, gurudumu moja lilikuwa nje. Nilijaribu tena na tena. Nikafunga mabehewa yako mawili nyuma. Nikazungusha swichi ya kiboksi kidogo sana, kama ulivyokuwa unafanya hewani kwa kidole ukituonyesha, na kikatetemeka, kisha kikaenda.

Kilizunguka. Hakina moshi, hakina mvuke, kinalia kwa sauti ndogo kama nyuki. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa siitazami treni, namtazama yeye, kifua chake, midomo yake. Nilikuwa nimeshapanga nitamdaka upande gani akianguka.

Akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akainama mpaka shavu lake likagusa ubao, akaweka jicho kwenye kile kidirisha anapokaa dereva. Alikaa hivyo muda mrefu. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Hamna mtu," akasema.

Akanyanyuka. Akanitazama, na Baba, aliniita kwa jina langu. Tangu umeondoka alikuwa ananiita kwa jina la marehemu dada yake.

"Upendo. Baba yako amekufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Tumemzika?"

"Tumemzika."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulitupa udongo wa kwanza. Mimi nilikushika."

Nilingoja yowe. Halikuja. Alikaa kwenye kiti chako, akafunika uso kwa ncha ya kitenge, akalia taratibu, kilio cha mtu mzima anayejua anachokililia. Nilipiga magoti nikaweka kichwa changu miguuni pake. Akanipapasa. Baadaye akajipangusa, akasema, "Alikingoja sana." Nikasema, "Alikingoja." Akasema, "Kiwashe basi tukione." Tulikitazama kikizunguka mpaka umeme ulipokatika.

Ningetaka kuishia hapo, lakini wewe hukupenda habari zilizokatwa. Leo asubuhi aliamka, akanywa uji, akauliza uko wapi. Nilimwambia ukweli, kwa sababu sasa sina pengine pa kukuweka. Alilia, lakini kwa kile kilio cha jana, hakupiga yowe. Ameuliza tena mchana. Amelia kidogo zaidi kuliko asubuhi, kisha ameniomba chumvi. Mpaka sasa hajatoka kuelekea stesheni. Sijui kesho.

Naogopa bado, Baba. Naogopa lango, naogopa honi. Naogopa zaidi siku atakayonitazama akaniuliza mimi ni nani, na kisiwepo kitu cha kuweka mezani kikamrudisha. Zakaria anasema tutafute mtu wa kumlinda. Nimemwambia nimeshampata. Ghalani nimeaga. Vitu vyangu vya Njombe vitaletwa na lori la kubeba mbao, na chumba cha mbele nimekifagia.

Nakuahidi hivi. Sitamwacha tena aamini uko safari, wala sitanyamaza. Atakapouliza nitakaa chini karibu naye, nitamshika, nimwambie, hata kama ni mara ngapi kwa siku. Halafu tutalia, halafu tutakula. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa.

Pumzika, Baba yangu. Usituhangaikie. Nasikia Mama anasogeza kiti, acha niende nikamwone.

Mwanao,
Upendo